Mama Aliniomba Simu, Nikamletea Simu

Wadau, leo acha nijianike mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa nane mama alinipigia kwa kitochi chake. Alikuwa ametoka kuumwa, sauti imechoka. "Mwanangu, ukija niletee simu tu. Nina hamu kweli."

Mimi huyo! Miaka miwili sijakanyaga Bulwa, nikaona dhambi zote zitafutwa na tachi moja. Nikachukua mkopo, ile ya kausha damu, 250,000. Dar mpaka Muheza, pale nikapanda gari la Amani, milima, ukungu, mashamba ya chai. Nikamkabidhi boksi mbele ya majirani, na picha nikapiga kabisa.

Mama akaligeuzageuza. "Sasa samaki wako wapi?"

Jamani! Mama ni mtoto wa Pangani, huku milimani aliletwa na ndoa. Kwao simu ni samaki wadogo wa baharini, ndugu zake dagaa, wana mafuta hatari. Nikafungua kamusi nimbishie, nikamkuta samaki yupo! Hii ya kupigia asili yake Kiajemi, sim, yani waya. Ila mama hakutaka waya. Tangu augue chakula kilikuwa hakipiti, na kitu pekee mdomo wake ulichokumbuka ni simu aliokuwa akibanikiwa na bibi.

Kilichoniuma sio mkopo. Miaka yote hiyo sijawahi kumuuliza anapenda kula nini. Mimi ni "hela imefika?" halafu nakata.

Kesho yake alfajiri nikashuka mpaka Tanga mjini, soko la Deep Sea. Bahati nzuri kilikuwa kipindi cha giza, wavuvi wa taa walikuwa wamepata. Fungu shilingi 3,000. Jioni mama akawabanika mwenyewe, mafuta yanadondokea mkaa, nyumba nzima moshi. Akala saba, na ugali akaumaliza. Mimi nikajifanya moshi ndo unaniliza.

Tachi anayo mpaka leo, jioni ananipigia video. Na siku hizi swali langu la kwanza ni hilohilo: "Shikamoo mama. Leo umekula nini?"

Haya mdau, na wewe: mama yako ana hamu na nini? Kama hujui, mpigie sasa hivi.