Stakabadhi Haivunji Udugu

Haya nayaandika kwa haya, lakini ficho la aibu halimfai mwenzio.

Agosti 2024 naliwachukua wanafunzi wangu sita kutoka Tanga hadi Katesh, wilaya ya Hanang, wakauone mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na tuwaombee dua waliofariki katika maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023.

Tuliposhuka kituoni alitupokea kijana mwenye salamu tamu. Akasema yeye ni mwongozaji, na kwa shilingi laki tatu atatulipia ada ya msitu na kutupandisha alfajiri. Mwanafunzi mmoja akaninong'oneza: "Maalim, hatumwombi stakabadhi?" Nikamkemea. Nikamwambia dhana mbaya ni dhambi.

Alfajiri tulingoja hata jua likapanda. Kijana hakuonekana, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Nikaanza kuwasema vibaya watu wa bara. Mwenye nyumba tuliyolala, mzee wa Kiiraqw, akanisikiliza kwa subira, kisha akanieleza kuwa ada ya msitu hulipwa serikalini kwa namba maalumu ya malipo, na mlipaji hupata stakabadhi. Akatuletea chai, akakataa kodi ya usiku wa pili. Nikanyamaza.

Fedha zile zilikuwa amana ya wazazi. Nimezilipa kidogo kidogo kwa miezi minane. Lakini lililonichoma zaidi ni jingine. Miaka thelathini nimesomesha Suratul Baqara, na aya yake ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yaamrisha deni liandikwe na mashahidi washuhudie. Atwaaye fedha leo kwa kazi ya kesho, huyo ni mdaiwa. Na aya ile yawaita walioamini, haikuwaita wezi. Basi kuandikiana si kudhaniana ubaya. Ni adabu ya ndugu kwa ndugu.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, uwe wenda Hanang au wenda Ulaya, uliza kwanza kwa wenyeji, lipa panapostahili kulipwa, na ushike karatasi mkononi. Mwaminifu hachukii kuandika.

Tuliporudi chuoni, nalimwomba radhi yule mwanafunzi mbele ya wenzake. Yeye aliifuata aya. Mimi naliihifadhi tu.

Wallahu aalam.