Jina Chini ya Kinyago

Nilipokuwa mtoto Daraja Mbili, mjini Arusha, kuchonga nilikujua kwa masikio: tezo ikigonga mpingo uani kwa jirani, mzee wa Kimakonde tuliyemwita Babu. Alibandua ganda jeupe mpaka akutane na kiini cheusi, kisha patasi, tupa, msasa, na mwisho rangi ya viatu. Siku hizo alichonga watu waliobebana, kizazi juu ya kizazi, gogo moja likimchukua miezi. Miaka ya 1990 watalii walipoongezeka, wenye maduka wakataka twiga na vifaru vya kutosha kwenye begi. Babu akachonga twiga. Familia ilikula, lakini nyimbo zake za kazini zikapungua.

Jumba la sanaa la Cultural Heritage lilipofunguliwa barabara ya Dodoma, tukaenda naye. Alisimama mbele ya mnara wa mpingo uliojaa watu, akaniambia, "Mjukuu wangu, hii njia ni ya Yakobo."

Mpaka siku ile niliamini kazi hizo ni za kabila zima, za tangu enzi na enzi. Kumbe zina wenyewe. Mtindo huu wa watu waliobebana Roberto Yakobo Sangwani aliuanza kwa kumchonga mshindi wa mieleka akibebwa na wenzake. Jina lake, ujamaa, lilikuja kushika baadaye, katika enzi ya Azimio la Arusha lililotangazwa mjini kwetu mwaka 1967. Ndiyo maana kila nikipita Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni namkumbuka Yakobo. Naye Samaki Likankoa, aliyetoka Msumbiji, ndiye aliyeleta mashetani, yale maumbo yaliyopinda, yenye jicho moja au mkono uliopotea, akimuuzia Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam. George Lilanga, msanii wa kituo cha Nyumba ya Sanaa, akayachukua mashetani hayo, akayatia rangi, yakacheza mpaka Ulaya na Marekani. Lilanga alifariki mwaka 2005.

Tangu hapo sinunui kinyago bila kuuliza nani kakichonga. Muuzaji akijibu "Wamakonde", naendelea kuuliza.

Na kwa kuwa majina yanapotea hivyo, ningependa Likankoa apate jumba lake la makumbusho. Chumba cha kwanza kiwe na gogo la mpingo lisiloguswa, mti unaohitaji miaka zaidi ya 70 kukomaa. Cha pili, mashetani, kila moja na jina na mwaka wake. Cha tatu kiwe karakana yenye wachongaji wanaolipwa mshahara, wasiolazimika kuchonga twiga.