Kutoka Barua ya Tabia hadi Fomu ya Mkopo

Baba yangu mdogo aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sabini bila kulipa hata senti moja. Alichotakiwa kupeleka ni barua ya tabia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeamua kwamba mhitimu wa Kidato cha Sita asiende chuo moja kwa moja. Apite kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi walau miaka miwili, ndipo mwajiri na chama waseme kama anafaa. Baba mdogo alikuwa karani, na hachoki kutusimulia jinsi alivyokuwa akifika ofisini kabla ya mkubwa wake. Si kwamba aliipenda sana kazi ile, ila mkubwa ndiye angeiandika barua. Alipoipata, serikali ilibeba yaliyobaki: masomo, kitanda cha bweni, na chakula cha kafteria ambacho mpaka leo ukimsikia akikisifia utadhani alikuwa hotelini.

Kwa kizazi chake, basi, nidhamu ndiyo iliyokuwa ada. Wazee wanapotuambia kwamba zamani watoto walitulia darasani kwa sababu ya fimbo, huwa nawasikiliza kwa heshima, lakini nusu ya habari wanaiacha. Mtoto yule alijua kwamba akifaulu na mwenendo wake ukiwa mzuri, nchi itamsomesha. Fimbo imepewa sifa isiyo yake.

Mimi nilikuta mambo yameshageuka. Sera ya uchangiaji gharama ilikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini, kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Nilipoomba mkopo mwaka 2007 hakuna aliyeuliza tabia yangu. Waliuliza mzazi anafanya kazi gani na nimesoma shule za nani. Nikapangiwa asilimia 80. Ile iliyobaki, mama alimwomba jirani wabadilishane zamu ya upatu ili apokee mapema, na kikao cha ukoo kikachanga iliyopelea. Nilichagua ualimu kwa sababu tuliambiwa kwamba wa ualimu ndio wanaotangulizwa kwenye mkopo. Darasa letu lilijaa watu wa namna hiyo, na wengi wao ni walimu hodari hadi leo. Deni nilianza kulilipa kwa makato ya asilimia 8 ya mshahara. Sheria ikarekebishwa mwaka 2016, makato yakapanda hadi 15. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa mwaka 2021, chumba chetu cha walimu hakikukalika kwa vifijo.

Nilipangiwa sekondari ya kata. Darasa lilikuwa na watoto wa kujaa mpaka mlangoni, wengine wametembea kutoka alfajiri bila chai. Kanuni za mwaka 2002 za adhabu shuleni zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kitabu chenyewe nilikiona kabatini, kurasa zake nyeupe kabisa, ilhali fimbo zilikuwa juu ya kila meza.

Nilichojifunza darasani si cha ajabu, na anayeanza kazi anaweza kukichukua kama kilivyo. Jua majina mapema, maana ukisema "wewe wa nyuma" wanageuka kumi, ukimtaja mtu kwa jina anageuka mmoja. Ukiingia, swali liwe ubaoni kabla hujasalimiwa, kwa kuwa kelele nyingi huzaliwa katika dakika zile mwalimu anapopanga vitabu. Fundisha ukizunguka, usimame na nyuma pia. Mkorofi usimkabili mbele ya wenzake, maana pale ana hadhi ya kulinda na atailinda. Mwite baada ya kipindi. Monita usimfanye mpelelezi wako. Na ukitishia adhabu, itoe ileile uliyoitaja, au usiitaje kabisa.

Hayo yote yalinifikisha mahali, kisha yakagota kwa kijana mmoja wa Kidato cha Tatu. Alikuwa na akili, na alikuwa na vidole: kila nikigeuka ubaoni, dawati lake linapiga singeli. Alhamisi na Ijumaa haonekani. Nikamwita chini ya mwarobaini.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Kwa nini hutaki kusoma?"

"Nisome ili iweje, madam? Kaka alifaulu Kidato cha Sita, akapata chuo, mkopo akakosa. Sasa hivi yuko stendi anapiga debe. Na mimi siku za gulio namsaidia."

Sikuwa na mahubiri ya kumpa. (Wale wahamasishaji wanaokuja shuleni na kipaza sauti kuwaambia watoto waote ndoto kubwa, ningependa siku moja wajibu swali hilo.) Nikamwambia aje na kaka yake, na makaratasi yote. Walikuja. Baba yao alikuwa amefariki zamani, lakini hakuna aliyewahi kufuatilia cheti cha kifo, kwa hiyo uyatima wa kaka haukuwa na ushahidi. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la baba. Vyeti vya mtihani vilikuwa na jina la babu aliyemlea. Kijana maskini kuliko wote pale kijijini, kwenye fomu hakuweza kuthibitisha umaskini wake.

Tangu hapo, Ijumaa baada ya vipindi, Kidato cha Tatu tunafungua bahasha. Kila mmoja ana yake: nakala ya cheti cha kuzaliwa, cha kifo kama yupo mzazi aliyetangulia, namba ya kaya kama nyumbani wako kwenye mpango wa kaya maskini wa TASAF. Tunalinganisha majina. Tunaandika nani aende kwa mtendaji wa kijiji kwa barua, nani aende wilayani kufuatilia cheti cha kuzaliwa au cha kifo cha RITA. Kazi yenyewe inachosha na haina shangwe. Lakini ndiyo iliyonitulizia darasa kuliko mbinu zangu zote, kwa sababu mtoto anayeshika bahasha yenye jina lake anaona kuna mtu anayetarajia afike mbali. Yule wa singeli hakugeuka malaika. Dawati aliendelea kuligonga. Utoro ndio aliouacha.

Ada ya sekondari za serikali iliondolewa hadi Kidato cha Nne kuanzia Januari 2016, na ya Kidato cha Tano na Sita mwaka wa masomo 2022/23. Mlango wa chuo ndio uliobaki na kufuli, na dirisha la maombi ya mkopo hufunguliwa kwa miezi michache tu, wakati vijana wengine wako kambini JKT na mzazi ndiye anayehangaika na mihuri, mdhamini na hakimu wa kuapisha. Cheti kinachoanza kutafutwa miezi hiyo mara nyingi hakiwahi.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto Kidato cha Tatu, usingoje matokeo. Kitoe cheti cha kuzaliwa sandukuni, ulinganishe jina herufi kwa herufi na lile linalotumika shuleni. Likitofautiana, nenda kamwone mwalimu wa darasa kabla majina ya mtihani wa Kidato cha Nne hayajapelekwa Baraza la Mitihani.