Kitufe cha shangazi

Wadau, samahani kwa ukimya. Semista imebana. Ila wiki hii nimeaibika Kingolwira, acha niwasimulie.

Shangazi yangu ana mashine ya kusaga kule. Wateja wengine wanasaga kwa mkopo, na madeni yote yako kwenye daftari. Masika haya daftari likalowa, kurasa zikagandana. Basi mimi msomi nikajigamba: shangazi, nitakutengenezea programu! Nikaiandika kwa Python na Tkinter. Sehemu ya jina, sehemu ya kiasi, na kitufe kimoja tu: Hifadhi.

Jumamosi nikapanda daladala na laptopu yangu. Kuifungua tu, kwenye orodha tayari kuna deni la mtu asiye na jina. Nikasema si kitu. Shangazi akaandika jina la mteja, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kitufe kinazama, kinainuka, hakiandiki.

"Mwanangu, hiki kidude kinaandika kabla sijasema. Nikisema, hakiandiki."

Wateja wakacheka. Akachukua daftari lake.

Usiku hosteli nikauona mstari wenyewe:

command=hifadhi()

Kumbe mchawi ni hayo mabano! Ukiyaweka, fanksheni inaitwa palepale kitufe kinapoundwa, kabla mtu hajagusa kitu. Inafanya kazi mara moja, inarudisha None, na kitufe kinabaki hakina cha kuita. Nilitakiwa kukipa kitufe namba ya simu ya fanksheni, kipige kitakapobonyezwa. Mimi nikapiga mwenyewe, nikaongea, nikakata, kitufe nikakiacha bila namba.

Dawa yake:

command=hifadhi

Na kama lazima upeleke kitu ndani ya mabano, tanguliza lambda:

command=lambda: hifadhi("mahindi")

Kilichoniuma ni kwamba Python haikulalamika hata kidogo. Mstari ule ni halali kabisa, ila haukuwa nilichomaanisha. Na shangazi, ambaye hajawahi kuandika programu, aliutaja ugonjwa wote kwa maneno machache. Ningemsikiliza badala ya kuona haya, nisingekesha.

Jumapili nikarudi. Akabonyeza, jina likaingia. Akabonyeza la pili, likaingia. Akaguna, akatabasamu. Ila daftari jipya kanunua na bado anaandika kote kuwili. Simlaumu, imani ya mtu hairudi kwa kufuta mabano mawili.

Haya jamani, wenye mradi wa madirisha na vitufe, kaangalieni mabano yenu kabla ya kuwaonyesha watu. Tuonane wiki ya testi.