Sebule ya Buruburu iliyogeuka uwanja wa gofu

UKITOKA Tom Mboya Street kuelekea River Road, utapita Luthuli Avenue, mtaa ambao wakazi wa Nairobi wameujua kwa miaka mingi kuwa soko la redio, runinga, spika na nyaya za kila namna. Tangu ulipofanyiwa ukarabati mwaka wa 2019, njia ya wapita kwa miguu imepanuliwa, magari hupita upande mmoja tu, na mnunuzi anaweza kusimama mbele ya kabati la kioo bila kuhofia kukanyagwa na matatu. Humo kabatini, katikati ya simu na vipaza sauti, siku hizi kuna kitu kinachofanana na miwani ya mwogeleaji iliyonenepa kupita kiasi. Hiyo ndiyo miwani ya uhalisia pepe. Ukiivaa huoni tena chumba ulichomo, bali unauona mchezo umekuzunguka mbele, nyuma, juu na chini.

Nilipita hapo Jumamosi moja adhuhuri nikiwa nimetumwa. Rafiki yangu wa miaka mingi, mwalimu wa shule ya upili anayeishi Buruburu, alitaka kujua miwani kama hiyo iliyokwisha kutumika inaweza kuuzwa kwa bei gani. Karo ya Januari ilikuwa inabisha hodi.

Mwenye duka mmoja alinieleza mengi kuliko niliyomuuliza. Alianza na zile za bei ya chini kabisa, ambazo ni ganda tu la plastiki lenye lenzi mbili, na humo hutiwa simu. Zilivuma sana baada ya kampuni ya Google kutoa ganda lake la karatasi ngumu mwaka wa 2014, lakini zimepitwa na wakati, na mzazi anayemnunulia mtoto ganda hilo akidhani amepata kitu chenyewe atarudi dukani na malalamiko. Kuna nyingine, PlayStation VR2, iliyotolewa mwaka wa 2023, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya mtambo wa PlayStation 5. Halafu kuna zinazojitegemea, zenye kompyuta na betri ndani yake, na hizi ndizo zinazotafutwa na wengi. Ile iitwayo Quest 3S iliingia katika soko la Marekani Oktoba 2024 kwa dola 299. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni kama shilingi 38,500, kabla hujaongeza nauli ya mzigo, kodi na faida ya muuzaji.

“Ya mtumba ninanunua,” akasema, “mradi mwenyewe awe ameondoa akaunti yake. Ikiwa bado imefungwa kwa jina la mtu, hilo ni jiwe tu.” Kisha akanong’ona bei. Nikaitia moyoni na kwenda kutafuta matatu ya nambari 58.

Buruburu haihitaji kutambulishwa kwa watu wa Eastlands. Ni mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970, awamu baada ya awamu hadi zikafika tano, nyumba zenye paa za vigae zikiwa zimepangwa kuzunguka nyua ambamo watoto walicheza kati na bano mpaka giza likaingia. Siku hizi nyua nyingi zimemezwa na vyumba vya nyongeza na orofa za kupangisha. Ukipita Mumias South Road utaona maduka yamejipanga mahali palipokuwa na ua wa michongoma. Kiwanja cha mtoto kurukia kimebaki kidogo mno, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya vijana wa huko wapende michezo ya video kiasi kile.

Nyumba ya mwalimu ni ya awamu ya tatu. Sebule yake ina vitu ambavyo msomaji anavijua hata bila kuambiwa: makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, meza ya kahawa, kabati la vyombo vya wageni, runinga na picha za mahafali ukutani. Waundaji wa miwani hii wanashauri mchezaji awe na nafasi iliyo wazi ya mita mbili kwa mita mbili. Hebu pima sebule yako baada ya kuondoa makochi katika hesabu, uone kilichobaki. Kwa mwalimu hakikubaki kitu, hivyo kila Jumamosi meza ya kahawa hubebwa hadi jikoni, na kochi moja husukumwa mpaka mlangoni. Mgeni akibisha wakati huo hana budi kuzungukia mlango wa nyuma.

“Anko, simama hapa juu ya mkeka,” kijana wa kidato cha pili akaniambia. Walikuwa wameuweka mkeka mdogo katikati ya sakafu. Nilidhani ni pambo, kumbe una kazi yake: aliyevaa miwani haoni miguu yake, lakini nyayo zikigusa sakafu baridi anajua amepotoka. Ni kweli kwamba miwani yenyewe ina kamera za kutazama chumba, na kabla ya kucheza unachora mpaka sakafuni kwa padi ya mkononi. Ukiukaribia, ukuta wa mistari huchomoza mbele ya macho kukuonya. Lakini mkono uliorushwa kwa nguvu hufika mbali kabla ya macho kuonywa, na kabati la vyombo lina kioo kimoja kipya kinachong’aa kuliko vingine.

Kabla ya kunivika, kijana alinisogezea lenzi zilingane na nafasi iliyopo kati ya mboni za macho yangu, jambo ambalo wengi hulipuuza kisha wakalalamika kwamba picha ina ukungu. Mzigo wenyewe ni zaidi ya nusu kilo. Dada yake, ambaye alikuwa amesuka nywele mtindo wa kufunga juu, huivaa mkanda ukipita chini ya fundo la nywele, na husema waliobuni mkanda huo hawakumfikiria hata kidogo.

Nikachezeshwa Beat Saber, mchezo uliobuniwa mjini Prague katika Jamhuri ya Cheki na kutolewa mwaka wa 2018. Vipande vya rangi mbili vinakujia kwa mdundo wa muziki nawe unavikata kwa panga mbili za mwanga. Nyimbo mbili tu na shati lilikuwa limelowa. Mama wa nyumba hii, ambaye ni muuguzi, hucheza nyimbo nne kila jioni akiwa amejifunga leso kiunoni, na hataki kusikia tena habari ya kulipia mazoezi ya viungo. Baadaye nikajaribu mchezo mwingine wa kutembea kwa padi, na hapo tumbo likaanza kuchafuka. Sababu yake ni rahisi: macho yanaambiwa mwili unatembea, ilhali kile kiungo cha sikioni kinachotunza mizani kinasema umesimama tuli. Dawa ni kuvua mara moja, si kujikaza kiume, na siku zinazofuata uanze kwa dakika chache.

Nilipokaa kupunga upepo, nilifikiria asili ya kitu hiki. Japani walikwisha kujaribu mapema. Mashine ya Nintendo iliyoitwa Virtual Boy iliuzwa mwaka wa 1995, ikasimamishwa juu ya meza, ikaonyesha rangi nyekundu na nyeusi tu, na mwaka uliofuata ikaachwa. Kizazi cha sasa kilitokana na kazi ya kijana Palmer Luckey katika gereji ya wazazi wake huko Long Beach, California. Mwaka wa 2012 alichangiwa na watu zaidi ya dola milioni 2.4 kupitia intaneti, na miaka miwili baadaye Facebook ikainunua kampuni yake, Oculus, kwa dola bilioni mbili hivi. Gereji, msomaji, ni chumba kizima ambacho familia inaweza kukiachia gari au mtoto mmoja. Kifaa hiki kilizaliwa kwenye nyumba kama hiyo, na kinamwazia mtu mmoja aliye peke yake katika chumba kitupu. Buruburu hakuna chumba kitupu, na kwa hakika hakuna mtu aliye peke yake.

Wiki za kwanza, mwalimu alinieleza, nyumba ilikaribia kugawanyika. Miwani ilitumwa na kifungua mimba wake anayefanya kazi Minneapolis, Marekani. Aliyeivaa alitoweka huku mwili wake ukiwa pale pale unapiga ngumi hewani, na waliobaki walikaa wamejibanza ukutani wakimtazama mtu anayecheka na wasiowaona. Nyanya, mama yake mwalimu, alikataa kula sebuleni. Mwalimu mwenyewe alipiga hesabu ya dola zile na kuona muhula mzima wa karo umefungwa usoni mwa mtoto.

Kilichoiokoa ni runinga. Binti aligundua kwamba picha anayoiona mvaaji inaweza kurushwa kwenye runinga kupitia Wi-Fi, wote wakaiona. Tangu hapo amri ya nyumba ni moja: hakuna kuvaa bila kurusha. Anayecheza ana watazamaji, wakosoaji na makocha wasiolipwa. Kwa maoni yangu, familia isiyo na runinga inayokubali jambo hilo afadhali iwapeleke watoto kucheza kwa kulipia dakika katika majumba makubwa ya biashara yenye mashine hizi, kisha irudi nyumbani na amani.

Kuna mengine ambayo mwenye kununua hana budi kuyajua. Michezo hununuliwa mmoja mmoja, na huo wa panga peke yake uliuzwa dola 29.99, bando la intaneti la kupakua nalo lina gharama yake. Betri hudumu saa mbili au zaidi kidogo. Lenzi zisiachwe zikitazama dirisha: jua likipenya humo hukusanywa kama kwa kioo cha kukuzia na kuunguza skrini isitengenezeke. Kuhusu umri, kampuni ya Meta iliruhusu watoto wa miaka 10 hadi 12 kuanzia mwaka wa 2023, akaunti ikiwa chini ya mzazi, na Sony inasema yake si ya walio chini ya miaka 12. Kitinda mimba wa mwalimu ana miaka minane. Hutumia jioni nzima akililia zamu asiyoipata, na sioni kwamba aonewe huruma.

Nyanya alishawishiwa kuivaa kwa programu iitwayo Wander, inayotumia picha za barabara za Google. Walimpeleka kwanza Nairobi, kwa kuwa Kenya imo humo tangu 2018, akasema Nairobi anaijua. Akataka apelekwe anakokaa mjukuu wake. Akasimamishwa katika barabara yenye miti mirefu na nyumba za mbao, akageuza kichwa pole pole huku na huku. “Mbona hakuna watu nje?” akauliza. Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Miaka sita ilikuwa imepita bila kijana huyo kurudi.

Jioni ile, ilipotimu saa kumi na mbili, kule Minneapolis ikiwa saa tatu asubuhi, kifungua mimba aliingia uwanjani. Hucheza na wadogo zake Walkabout Mini Golf, mchezo wa mwaka wa 2020 unaoweza kuwakusanya watu wanane walio mbali katika uwanja mmoja mdogo wa gofu. Hauhitaji kurukaruka, hivyo hata kabati la vyombo hupumzika. Kijana alicheza mashimo matano, akashindwa vibaya na kaka yake, kisha akavua miwani na kumvika nyanya juu ya kitambaa chake.

Katika mchezo huo kila mtu huonekana kichwa na mikono tu. Nasi kwenye runinga tulikiona kichwa cha mjukuu kikielea na mkono mmoja ukipunga.

“Nyanya, shikamoo! Unanisikia?”

“Marahaba. Nakusikia. Mwili wako uko wapi?”

Akacheka, akamweleza. Hakuridhika; alinyoosha mkono kumgusa bega lisilokuwapo, akagusa kochi. Wakazungumza kama robo saa, yeye akiwa katikati ya uwanja wa gofu bila kuupiga mpira hata mmoja, akiuliza kama anakula vizuri na kama Desemba atakuja. Mjukuu alisema anajaribu kupanga likizo. Betri ilipofika asilimia kumi, kijana akamwomba nyanya miwani arudishe kwenye chaji, naye akachelewa kuivua.

Mwalimu alinisindikiza hadi kituoni. Tulipofika Mumias South Road nikamtajia bei ya Luthuli, ambayo ilikuwa chini kidogo ya nusu ya mpya. Alinyamaza hatua kadhaa. Akasema labda angeuza ule mtungi wa gesi wa ziada na redio ya zamani kwanza, kisha aone upungufu ni kiasi gani. Miwani angeizungumzia tena baada ya Krismasi. Matatu ikaja, manamba akapiga ubavu wake mara mbili, nami nikapanda.