Wale Kumi Watabaki Wapi?

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ikiwa kila mtoto huja shuleni na zake, yatupasa kujiuliza kwa nini busara ya kawaida, yaani ile ya kulitazama jambo lilivyo, ni adimu katika madaftari tunayosahihisha. Jibu tulilipata siku tulipokwenda kumkagua mwanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha.

Somo lilikuwa Hisabati, Darasa la Nne. Ubaoni paliandikwa fumbo hili: wanafunzi 130 wanakwenda kuzuru magofu ya Kaole, basi moja huchukua wanafunzi 40, je, yatahitajika mabasi mangapi? Wengi walijibu: mabasi 3, baki 10. Msichana mmoja alijibu manne. Alipotakiwa kuonyesha njia, aliuliza tu: "Wale kumi watabaki wapi, mwalimu?" Darasa likacheka. Mwanachuo alitazama andalio lake la somo, akamwamuru aketi. Nasi tuliokuwa nyuma ya darasa tuliandika kwamba hatua zote zimefuatwa, tukatoa alama nzuri.

Jioni ile, kituoni, basi la mwisho lilipita limejaa, likatuacha. Hapo ndipo tulipomkumbuka yule mtoto. Siku hiyo baki tulikuwa sisi.

Kosa hili si la shule moja. Mwaka 1982, katika upimaji wa taifa nchini Marekani, vijana wa miaka 13 waliulizwa yatahitajika mabasi mangapi kubeba askari 1,128, iwapo kila basi hubeba 36. Takriban 7 katika kila 10 waligawanya sawasawa, lakini waliojibu 32 hawakufika robo. Wengine wengi waliandika "31, baki 12". Hawakukosa hesabu, walikosa kurudi kuwatazama askari waliosimama barabarani.

Basi tufanyeje? Kwanza, kabla ya kukokotoa, watoto wasimulie habari ya fumbo kwa maneno yao. Pili, jibu likipatikana, warudi kwenye swali waone kama laelekea kuwa kweli. Tuwape na mafumbo yenye tarakimu zile zile: kamba ya sentimita 130 ikikatwa vipande vya sentimita 40, hapo jibu ni vipande 3, na baki ina mahali pake. Tatu, mtoto akitoa jibu tusilolitarajia, tumwulize amefikirije kabla ya kutia alama ya kosa.

Baada ya wiki moja tulirudi. Tulimweleza mwanachuo kwamba kosa lilikuwa letu kuliko lake, naye akakubali kulirekebisha mbele ya darasa. Akauliza: watu 50 wanavuka mto, mtumbwi mmoja huchukua watu 8, wakitaka kuvuka wote kwa pamoja, waandae mitumbwi mingapi? Akamwita msichana yule yule. Akasimama, akajibu bila kusita: "Sita, baki mbili."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amekwisha jifunza tulichomfundisha.

Ndugu mwanachuo, busara haizaliwi adimu. Aghalabu huadimishwa darasani, na wakati mwingine hupewa alama nzuri kwa kuadimishwa. Uingiapo darasani kesho, chukua andalio lako, lakini mtoto akiuliza wale kumi watabaki wapi, weka chaki chini umsikilize.