Kiangazi cha Phoenix

Kwetu Bukavu neno kiangazi halimtishi mtu. Mwezi wa sita unapofika, mvua hukoma, njia hujaa vumbi jekundu, na milima iliyo ng'ambo ya ziwa hufichwa na moshi wa mashamba yanayochomwa. Lakini usiku ni wa baridi, na watoto hugombania blanketi. Mji wetu uko juu, kadiri ya metri 1,500 kutoka usawa wa bahari. Basi, tulipoambiwa katika kambi ya Nyarugusu, nchi ya Tanzania, ya kwamba tutahamishiwa Marekani, katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, na ya kwamba tutafika mwanzo wa kiangazi cha mwaka 2023, hatukuwa na wasiwasi. Nyanya yetu, aliyezaliwa na kukulia katika milima ya Kivu, alitushauri tufunge masweta ya sufu, nasi tukamtii.

Wasomaji wapendwa, masweta yale yangali sandukuni.

Tulishuka alasiri. Mlango wa kiwanja cha ndege ulipofunguka, hewa ilitupiga usoni kama ya tanuru la matofali. Tulidhani ni pumzi ya motokari zilizosimama pale mlangoni, tukaharakisha hatua tuzipite. Tulizipita zote, na hewa ilikuwa ile ile.

Phoenix umejengwa katika bonde la jangwa la Sonora, nao hauinuki juu ya bahari zaidi ya metri 330 hivi. Zamani, kabla ya Wazungu, watu waitwao Hohokam walikaa hapo kwa karne nyingi, wakachimba mifereji mirefu ya kuleta maji ya mto mpaka mashambani. Walipotoweka, mifereji ikabaki mitupu. Walowezi wa karne ya 19 waliifufua, wakauita mji wao kwa jina la ndege wa hadithi za Wayunani, afaye motoni na kufufuka katika majivu yake. Sisi tulipoelezwa maana ya jina hilo, tulitazamana. Aliyelichagua hakuficha jambo.

Wenyeji huhesabu joto kwa kipimo chao cha Fahrenheit: wanaposema 110, ndiyo digri 43 za kwetu. Siku kali kuliko zote zilizoandikwa ni tarehe 26 mwezi wa sita mwaka 1990, ilipofika digri 50. Lakini majuma yetu ya kwanza hayakuwa mabaya hivyo. Tulijisifu. Tulisema, watu hawa wamedekezwa na mashine zao.

Halafu, siku ya mwisho ya mwezi wa sita, joto lilifika digri 43, na kila siku baada ya hapo likafika tena au kupita, muda wa siku 31 mfululizo. Mji ule haukuwa umeona jambo kama hilo tangu hesabu zilipoanza kuandikwa.

Hapo ndipo tulipokosa, na kosa lenyewe twalisimulia bila kujificha, kwa sababu jamaa nyingi zinazotoka kwetu hulifanya vile vile. Nyumba ilikuwa na kiyoyozi, yaani mashine ya kupoza hewa. Karatasi ya kwanza ya deni la umeme ilipokuja, baba wa nyumba aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya Biblia kana kwamba ingepungua hapo. Tukaamua kuzima mashine usiku. Tulifikiri, usiku ni usiku. Jua likizama, dunia hupoa. Tukafungua madirisha, tukatundika vitenge vilivyoloweshwa maji, kama mtungi unavyopoza maji kwa kutoa jasho lake. Siku za kwanza vitenge vilisaidia kidogo. Baadaye tuliambiwa kwamba hata wenyeji wa zamani walilala barazani wamejifunika mashuka yaliyoloweshwa, na kwamba tangu miaka ya 1930 walitumia mashine ya pepeo na maji kwa akili hiyo hiyo. Kumbe akili hiyo ina mpaka wake. Katika mwezi wa saba upepo huanza kuleta unyevu wa mvua, na hewa ikiwa na unyevu, kitambaa hakikauki wala hakipozi kitu. Nalo pepeo, likipuliza hewa yenye joto kuliko mwili, ni kama mivukuto ya mhunzi.

Tena usiku wa mji ule si kama wa kwetu. Lami na kuta za saruji hunywa jua mchana kutwa, kisha huutoa moto huo polepole hadi alfajiri. Tarehe 19 ya mwezi huo wa saba, saa iliyo baridi kuliko zote ilikuwa digri 36. Pasipo majani, pasipo udongo mbichi, joto lingekwenda wapi?

Katikati ya mwezi huo, asubuhi moja, nyanya alikaa kitandani na kutuuliza kama ng'ombe wamekwisha kurudi. Tulicheka. Tulidhani ameota. Mara akaingia jirani yetu, mama mzee wa Mexico, aliyekuja na maharagwe kama ilivyokuwa desturi yake. Hatuna lugha moja naye. Twasemezana kwa mikono. Alimshika nyanya shingoni, na uso wake ukabadilika. Ngozi ilikuwa ya moto kama sufuria. Mama yule alifungua barafu yetu, akaifunga katika taulo, akaiweka kwapani na shingoni mwa mgonjwa, akatuonyesha tummwagie maji, huku akipiga simu kuita motokari ya wagonjwa. Wala hakungoja kutuomba ruhusa.

Nyanya alikaa hospitali siku nne. Mganga alitueleza kwa upole ya kuwa katika hewa kavu jasho hukauka kabla mtu hajaliona, hata akadhani hatoki jasho. Na ya kuwa mzee hasikii kiu upesi kama kijana. Mtu akianza kupotewa na maneno, hiyo si ndoto, ni ubongo unaochemka. Tulikumbuka kicheko chetu, hatukuweza kumtazama mganga machoni.

Mwaka ule, katika wilaya ya Maricopa, ambayo mji wa Phoenix ni kichwa chake, watu 645 walikufa kwa joto. Wengi hawakuwa na nyumba. Lakini wengine walikufa ndani ya nyumba zao, na mara nyingi mashine ya kupoza hewa ilikuwapo ukutani, imeharibika au haina umeme. Mwaka 2018, karibu na Phoenix, mama mmoja wa miaka 72 alikatiwa umeme akiwa na deni la dola 51, akafa kwa joto nyumbani mwake. Watu walikasirika sana, na tangu mwaka 2019 tume ya jimbo huyazuia makampuni yaliyo chini yake kukata umeme wa nyumba kwa sababu ya deni wakati wa joto kali. Deni lenyewe halifutwi, bali mtu haachwi afe kwa ajili yake. Jambo hili hakuna aliyetuambia tulipofika. Tulionyeshwa jinsi ya kutumia choo na jiko, mambo tuliyoyajua.

Sasa tumejifunza. Maharagwe na bugali twapika kabla ya jua kuchomoza, ili moto wa jiko usishindane na mashine. Watoto hucheza alfajiri. Hakuna atokaye bila viatu, tangu kitinda mimba wetu alipokimbilia sanduku la barua miguu mitupu, akarudi na malengelenge. Motokarini twapapasa kila kiti kabla ya kufunga mlango, asibaki mtoto ndani. Kwenye kituo cha basi twafanya kama wenyeji: watu hujipanga mmoja nyuma ya mwenzake, kimya, katika kivuli chembamba cha mlingoti wa taa, na kivuli kikisogea, mstari wote husogea. Mashine ikituharibikia twaenda kukaa katika maktaba ya mji, penye hewa baridi na maji ya bure, wala hakuna anayekuuliza unasoma nini.

Kuhusu deni la umeme, twala nyama mara moja kwa juma.

Nyanya alipona, ijapokuwa miguu yake haina nguvu kama kwanza. Juma lililopita dada yake alipiga simu kutoka Bukavu. Alilalamika sana: kiangazi kimeanza, vumbi limejaa hata katika chumvi, na usiku baridi inamwingia mifupani. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama katika vile vifurushi vinavyosafirishwa kwa ndege kuna nafasi ya kutia baridi kidogo.